Kivuli cha Waya wa Umeme

Mjomba wangu hunipigia simu Jumapili usiku, saa tatu kwa saa za Lushoto, wakati huku Ohio ni saa nane mchana na bado sijamaliza kusahihisha. Huanza na mvua, akapitia bei ya viazi, halafu ndipo hufika alikokuwa anaelekea. Mwaka wangu wa kwanza kazini alifika mapema.

"Mjomba," aliniuliza (sisi huitana mjomba pande zote mbili), "hicho chuo chako kina wanafunzi wangapi?"

"Elfu moja na mia tatu."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Shule ya kata hapa kwetu haiko mbali na hapo," akasema. "Na wanasoma mpaka digrii ya ngapi?"

"Ya kwanza tu, mjomba. Hatuna uzamili wala uzamivu."

Nilikuwa nimetoka kumaliza udaktari wangu kwenye chuo kikuu chenye watu kama mji mzima. Kwa hesabu ya mjomba nilikuwa nimeteremka ngazi. Nikazidi kuharibu kwa kujaribu kumtafsiria aina ya chuo chenyewe. Nikamwambia ni chuo cha sanaa huria. Hapo akachangamka.

"Aa! Kama kile cha Bagamoyo! Kumbe mnafundishana ngoma?"

Sikuwa na neno zuri zaidi, na mpaka leo sinalo. "Sanaa" hapa ina maana ya zamani mno: Wazungu wa zama za kati walihesabu sanaa saba, yaani sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota, wakasema hizo ndizo zinazomfaa mtu huru. Wamarekani walilichukua wazo hilo wakalipeleka vijijini, mara nyingi kanisa likitangulia, ndiyo maana Ohio imejaa vyuo vidogo vya matofali mekundu katikati ya mashamba ya mahindi. Mwanafunzi huishi chuoni miaka minne, asubuhi falsafa, mchana kemia, na somo lake kuu hulitangaza mwisho wa mwaka wa pili. Kwa hiyo darasani kwangu anakaa binti anayetaka kuwa mwanahistoria, kijana anayepiga tarumbeta, na mmoja au wawili waliokuja kwa ajili ya fizikia yenyewe.

Mama nilimwelezea kwa njia nyingine. Nilimwambia, hiyo sufuria unayosongea ugali asili yake ni huku. Mwaka 1886 kijana wa miaka 22, Charles Martin Hall, aliyekuwa amehitimu chuo cha Oberlin mwaka mmoja tu kabla, alipata njia ya kuitoa alumini kwenye udongo wake kwa nguvu ya umeme. Alifanyia kazi kwenye banda la kuni nyumbani kwao, na aliyemtia ile hamu alikuwa mwalimu wake wa kemia pale chuoni, Frank Jewett. Mwaka huohuo Mfaransa mmoja, Paul Héroult, alifikia jambo lilelile bila wao kujuana. Kabla ya hapo alumini ilikuwa kitu cha wenye fedha. Baada ya hapo ikawa sufuria.

Mama alisikiliza yote. "Basi waambie," akasema, "za siku hizi nyembamba, zinaunguza."

Cheo nacho kilileta shida. Nyumbani mtu huitwa profesa akiwa na mvi, baada ya kupitia uhadhiri, uhadhiri mwandamizi na uprofesa mshiriki, na jina hilo likishamkaa hata mkewe humwita hivyo. Huku nilianza kuitwa profesa siku ya kwanza, na umri wangu wa miaka 34, kwa sababu mwanafunzi hana neno jingine la kumwita anayemfundisha. Mama akatangaza kwenye kikoba. Nikajaribu kumrekebisha, akaniambia nisimwaibishe. Wakati huohuo, wanafunzi wenyewe, wakishakuzoea, wanakuita jina lako la kwanza tu, kama ulilelewa nao. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikistuka kila mara. Sasa nimezoea, ila nikirudi Lushoto kijana akisema "shikamoo" nachelewa kuitikia, naangalia nyuma kuona anamwamkia nani.

Idara yetu ina watu watatu. Tulikuwa wanne, aliyekuwa akifundisha elimu ya anga alistaafu, nafasi yake haikujazwa, na kozi yake niliachiwa mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa mgeni. Mimi ni mtu wa mwanga. Kazi yangu ni kushika vipunje vya plastiki visivyoonekana kwa macho kwa kutumia mwale wa leza uliobanwa na lenzi ya hadubini, mbinu ambayo mwasisi wake, Arthur Ashkin, alipewa Nobeli mwaka 2018. Nyota nilikuwa nikizijua kama mkulima anavyozijua. Nilijifariji kwa kisa cha Robert Millikan. Akiwa mwanafunzi pale Oberlin, mwalimu wake wa Kigiriki alimtaka afundishe fizikia kwenye darasa la maandalizi. Millikan akasema fizikia haijui. Mwalimu akaona kwamba anayekiweza Kigiriki hashindwi na fizikia. Akajifunza likizo nzima, akaingia darasani, na mwaka 1923 akachukua Nobeli. Nami nilijifunza anga likizo nzima. Nobeli bado.

Jaribio lake Millikan, la matone ya mafuta, wanafunzi wangu hulirudia kila mwaka. Unakaa kwenye chumba cha giza, jicho kwenye darubini ndogo, unafuatilia tone moja linalopanda na kushuka kati ya vibati viwili vya umeme, unabonyeza saa, unaandika, tone linakupotea, unaanza upya. Baada ya saa tatu una matone kumi na kichwa kinauma. Ila anayevumilia huona kwamba chaji alizozipima haziji ovyo; zinakuja kwa vifungu, kama noti zisizo na chenji. Kijana wa tarumbeta ndiye aliyenipa mfano huo wa chenji. Kwenye chuo kikubwa nilikosomea, nisingemsikia. Tulikuwa wasaidizi kumi na wawili, profesa alikuwa mbali chini jukwaani, na mwanafunzi alikuwa namba.

Hiyo ndiyo sehemu tamu. Sehemu ya pili ni kwamba mhadhiri huku ndiye fundi pia. Pampu ya ombwe ikianza kukohoa, hakuna wa kumpigia simu. Navua koti, namwaga mafuta yake kwenye kopo, nabadilisha mpira, naifunga. Nimekulia mlango wa pili na fundi redio, na siku nyingine nikiinama juu ya meza na bisibisi mdomoni najihisi nimemrithi yeye kuliko Newton. Kuna bembea ndefu ya Foucault pia, yaani uzito kwenye waya mrefu, inaning'inia kwenye ngazi za jengo letu, na kuianzisha ni kazi yangu. Haisukumwi kwa mkono, maana mkono huipotosha. Unaivuta pembeni kwa uzi, unasubiri itulie kabisa, unauchoma uzi kwa kiberiti. Ikishaachiwa, mstari wake hugeuka polepole kwa sababu dunia inajizungusha chini yake. Hapa Ohio hukamilisha mzunguko kwa saa 36 na nusu hivi. Ningeining'iniza Lushoto, ingehitaji karibu siku 12, na ingegeuka upande wa pili. Huwaambia wanafunzi hivyo, wanakokotoa wenyewe kwa latitudo ya kwetu, wanaona ni kweli, na kuna anayeuliza Lushoto ni wapi. Tunapoteza dakika kumi kwenye ramani.

Kama kuna kitu nilichokuja nacho kutoka nyumbani kikawafaa, ni saa. Wiki ya kwanza ya mekanika tunazungumzia mahali pa kuweka sifuri. Vitabu hutoa mfano wa mpira na mnara, na wanafunzi husinzia. Mimi huweka saa mbili mezani, moja yao, nyingine nimeirudisha nyuma saa sita, nawaambia hii ni saa ya watu wangu: jua likichomoza tunaanza kuhesabu, na saa moja ni saa moja tangu kulipokucha. Somo letu kwa saa yao linaanza saa kumi, kwa saa yangu linaanza saa nne. Limechukua dakika ngapi? Hamsini, kwa saa zote mbili. Basi sifuri weka popote, tofauti haibadiliki. Mwaka mmoja binti aliyekaa dirishani akauliza: kama ningechagua sifuri ihame kila siku, ifuate kuchomoza kwa jua la hapa Ohio, ambalo Desemba huchelewa na Juni huwahi, dakika hamsini zingebaki hamsini? Nilikaa chini. Swali lile lilitupeleka muhula mzima mbele, kwenye mifumo ya kupimia inayobadilisha mwendo na isiyotulia. Kwetu swali hilo haliwezi kumjia mtu, kwa kuwa jua letu halina tabia hiyo. Huko kwao halimjii mtu kwa sababu saa zao hazilijali jua. Lilihitaji saa yetu na jua lao.

Utafiti huku ni wa mwendo wa kinyonga. Hakuna wanafunzi wa uzamivu wa kukesha maabara. Nina vijana wa shahada ya kwanza, wiki kumi za kiangazi kila mwaka, wanalipwa posho na chuo au kwa fedha za ruzuku nikiipata. Kumfundisha mtu kunyoosha mwale wa leza upite katikati ya lenzi nne bila kutikisika huchukua kiangazi kimoja. Cha pili ndipo anaanza kupata data. Mei inayofuata anavaa joho, mama yake ananikumbatia, na ninabaki na daftari lake. Makala moja iliyochapishwa ilinichukua miaka mitano. Rafiki yangu niliyesoma naye, aliyeko kwenye maabara kubwa, hutoa tano kwa mwaka. Tukionana kwenye mikutano ananiuliza bado niko "kule shambani". Nimo.

Kamati nitazipita haraka kama ninavyotamani kuzipita maishani. Kuajiriwa kwa kudumu huamuliwa mwaka wa sita: ukipita umepita, usipopita una mwaka mmoja wa kufungasha. Nilipita.

Fedha siwezi kuiruka. Ada ya vyuo vya namna hii, pamoja na malazi na chakula, vingi imevuka dola 60,000 kwa mwaka kwenye karatasi, ingawa wengi hupunguziwa na wanaolipa yote si wengi. Mjomba nilimtajia mara moja tu, akabadilisha mazungumzo. Na pamoja na ada hiyo, vyuo vinafungwa. Watoto waliozaliwa Marekani walifikia kilele mwaka 2007, kisha idadi ikaanza kushuka, na wale wasiozaliwa ndio ambao sasa hawafiki kujiandikisha. Mwaka 2024 Wells, chuo cha tangu 1868 huko jimbo la New York, kilifunga milango. Sisi tunahitimisha watu watano wa fizikia kwa mwaka, mwaka mzuri wanane. Kila bajeti ikija mtu wa fedha hutuuliza kwa upole kwa nini idara ya wahitimu watano inahitaji walimu watatu. Swali lake si la kijinga. Nina jibu, ila haliingii kwenye jedwali lake.

Jibu lenyewe lilianza zamani, kabla sijajua kuna mahali panaitwa Ohio.

Nilipomaliza Mlimani nilifundisha sekondari miaka miwili. Kidato cha pili walikuwa 84 kwenye chumba cha madawati arobaini. Asubuhi moja, saa nne hivi, nikifundisha vivuli, nimechora ubaoni jua, mpira na ukuta, kijana aliyekaa nyuma kabisa akanyoosha mkono. Dirishani kwake palikuwa na nguzo ya umeme.

"Mwalimu, mbona nguzo ina kivuli na waya hauna?"

Nilitazama nje. Kivuli cha nguzo kilikuwa kimelala uwanjani, kirefu, cheusi. Nyaya tatu zilipita juu ya uwanja uleule, jua linaziwakia, na chini hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeuvuka uwanja ule kila siku kwa mwaka mmoja na sikuwa nimeona.

"Hilo halimo kwenye mtihani," nikamwambia. "Kaa chini."

Darasa likacheka. Akakaa. Nikaendelea na mpira na ukuta.

Sikuwa najua jibu. Hiyo ndiyo sababu, na hakuna nyingine. Ningeweza kusingizia wale 84, silabasi, chaki iliyokuwa inaisha. Vyote vilikuwa kweli. Lakini mtu akiwa na wanafunzi 84 anaweza kujificha nyuma yao, na mimi nilijificha.

Aprili 8, 2024 kivuli cha Mwezi kilivuka Ohio. Kupatwa kwa jua kukamilifu kulikuwa hakujapita jimbo hili tangu 1806, na kutakakofuata ni 2099. Mji wetu ulikuwa ndani ya njia. Kwa mchana mmoja idara ya watu watatu ikawa muhimu kuliko timu ya mpira. Kwa miezi miwili simu yangu haikupumzika: shule za msingi, nyumba ya wazee, mkulima aliyetaka kujua kama ng'ombe wataingia zizini wenyewe. Nilikuwa na maboksi ya miwani ya karatasi ofisini mpaka mlango haufunguki vizuri. Na kila mtu alikuwa akiniuliza kuhusu mawingu kana kwamba nami nayapanga. Aprili ya Ohio ni mawingu.

Yalikuja mepesi, ya juu, kama shela. Jua lilipenya.

Nilisimama uwanjani na watoto wa shule ya msingi, mamia, na kabla ya wakati wenyewe kufika mmoja, wa darasa la tatu au la nne, akaniuliza kwa nini kivuli cha Mwezi kitapita hapa tu na si Amerika yote, wakati Mwezi ni mkubwa. Nikachukua ufito wa bendera na kipande cha uzi. Nikamwonyesha: uzi ukiwa karibu na karatasi, kivuli chake ni cheusi. Uinue kidogo, kinakuwa cha kijivu. Uinue zaidi, kimepotea. Jua si nukta, nikamwambia, lina upana, na kila kitu kinachosimama mbele yake kina kivuli cheusi chenye umbo la pia, kinachokwenda kikichongoka mpaka kinaisha. Urefu wa pia hiyo ni kama mara mia moja na kidogo ya unene wa kitu chenyewe. Uzi wa milimita moja, kivuli chake cheusi kinaisha kwenye sentimita kumi na moja. Mwezi una kipenyo cha kilomita 3,475, basi cha kwake kinafika kama kilomita 375,000, na leo uko kilomita kama 360,000. Ncha ya pia ndiyo hiyo inayotugusa. Waya wa umeme wa unene wa sentimita moja…

Nikanyamaza hapo. Mtoto alikuwa ananitazama, anangoja.

Waya wa umeme wa unene wa sentimita moja, kivuli chake cheusi hakivuki mita moja na sentimita kumi. Na uko juu mita nane au tisa. Nguzo ina unene wa sentimita ishirini. Chake kinaweza kwenda mita ishirini, kwa hiyo kinafika chini. Ningeweza kuichora ubaoni kwa dakika mbili. Kidato cha pili wangeielewa wote 84.

Saa tisa na robo hivi giza lilikuja kutoka magharibi kama mtu anayevuta shuka. Zuhura ikatokea. Chini ya ukingo wa Mwezi palikuwa na kitone chekundu, mwali wa jua lenyewe, hata kwa macho matupu. Watoto walipiga kelele, wazee wa nyumba ya wazee walilia, na mimi niliyejifunza mambo haya likizo moja kutoka kitabuni nilisahau kupiga picha hata moja. Dakika tatu na kitu. Ndege walikuwa wamenyamaza. Walipoanza tena niliwasikia kabla sijaona mwanga.

Jina la yule kijana silikumbuki. Nimejaribu. Nakumbuka dirisha, nakumbuka shati lake lililokuwa limeshonwa begani. Atakuwa mtu wa makamo sasa.

Majira ya baridi yaliyofuata yule binti wa historia, aliyekuwa amechukua kozi yangu ya anga kwa sababu ilimruhusu kukwepa kemia, alikuja ofisini na karatasi iliyochapishwa. Ilikuwa makala ya mwaka 1969. Akaweka kidole kwenye neno moja akaniuliza linatamkwaje na kama napajua.

Magamba. Nikamwambia ni juu kidogo ya mji niliozaliwa, tulikuwa tukipita pale kwenda msituni.

Kisa chenyewe wengi wenu mnakijua, ingawa kwetu hufundishwa kidogo kuliko inavyostahili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, unaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi zilikuwa zinagombewa, naye akaweka yake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake aliyeweka bila kuchemsha bado. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Tanga, akawakuta wauza aiskrimu wanaofanya hivyohivyo kwa makusudi. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, wakamcheka, ikawa msemo darasani: hiyo ni fizikia ya Mpemba. Mpaka alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, kijana akasimama akamuuliza yeye. Osborne naye hakuamini. Lakini alirudi Dar akamwambia fundi wake ajaribu. Fundi akaleta majibu kwamba kweli ya moto yametangulia, na akaahidi ataendelea kurudia mpaka apate majibu sahihi. Waliandika makala pamoja, jina la Mpemba likitangulia.

Nilipokuwa nikimsimulia nilijisikia vibaya, nadhani mmeelewa kwa nini. Hakujua. Alitaka kujua kama tunaweza kulifanya jaribio hilo.

Tukalifanya. Friza la idara ya biolojia, vikombe vinavyolingana, vipimajoto vya waya vilivyounganishwa na kompyuta. Nilimpa masharti yote: maji kiasi kilekile, chombo kilekile, mahali palepale. Akafanya jozi 36 kati ya Januari na Machi. Ya moto yalitangulia mara tano.

Ningependa kuwaambia nilipokea matokeo hayo kama mwanasayansi. Niliyapokea kama Msambaa. Nikamwambia barafu ya chini ya vikombe haijasafishwa, arudie. Akarudia. Nikamwambia tubadilishe maji, tuchemshe kwanza hewa itoke. Akabadilisha. Nikasema tuinue kipimajoto. Hapo ndipo akaniuliza, bila ukali wowote, kama nitamwambia arudie mpaka lini.

Alikuwa amesoma zaidi yangu. Aliniwekea mezani utafiti wa mwaka 2016 wa Burridge na Linden, waliopima na kukusanya vipimo vya wengine wasione ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hutangulia, na wakaonyesha kwamba kukihamisha kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunatosha kukudanganya. Kisha akaniwekea wa pili, wa mwaka 2020 kutoka Chuo Kikuu cha Simon Fraser huko Kanada: Kumar na Bechhoefer walichukua kipunje kidogo sana majini, wakakitengenezea mabonde ya nishati kwa mwanga wa leza, wakaona kwamba kilichoanza kikiwa cha moto kinaweza kweli kutangulia kupoa. Kipunje na leza. Vitu vyangu, mezani kwangu, na sikuwa nimeviunganisha na Magamba hata siku moja. Sasa ndicho tunachojaribu kukijenga kiangazi hiki, yeye, mimi na kijana wa tarumbeta. Binti amebadilisha somo lake kuu. Mama yake amenipigia simu kuuliza fizikia ina kazi gani.

Swali moja liliniganda. Wale wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanaona nini? Shangazi yangu anakaa Tanga mjini, barabara ya kumi na tano, na huuza barafu za ukwaju na ubuyu kwenye vifuko tangu nikiwa mdogo. Nikampigia.

"Shangazi shikamoo."

"Marahaba baba. Huko bado baridi?"

Nikamwambia baridi imepungua, nikamuuliza watoto, nikamuuliza miguu yake. Kisha nikauliza: akiweka juisi ikiwa ya moto kwenye friza, inawahi kuganda kuliko ya baridi?

Alifikiri. Nilisikia mtoto dirishani kwake akiomba barafu ya mia mbili, na shangazi akimwambia asubiri, anaongea na Marekani.

"Kuna mzee alikuwa anafanya hivyo zamani, pale sokoni," akasema. "Mimi siweki ya moto."

"Kwa nini, shangazi?"

"Inakula umeme. Nikiweka ya moto LUKU inakimbia." Akanyamaza kidogo. "Ila umeme ukirudi jioni nitajaribu vifuko viwili. Kimoja cha moto, kimoja cha baridi. Niweke pamoja au mbalimbali?"

Nikamwambia mbalimbali, na wala visigusane na barafu ya chini.

"Subiri niandike," akasema.